Jina Lililopanda Juu

Uiese alifundishwa kusuka na mama yake, hapa hapa kisiwani Savai'i, kabla hajaanza shule. Majani ya mkadi huyachana nyembamba mno, na hujisifia hilo waziwazi. Mumewe alipofariki alirudi kwa kaka yake, akamkuta Fa'asao, mke wa kaka, msukaji wa haraka, mwenye kicheko kikubwa, anayependwa na kila mtu.

Uiese ndiye mtunzaji wa wiki ya kamati yetu ya akina mama. Wiki hiyo si ya siku saba, ni tovuti ambayo kila msukaji ana ukurasa wake wenye picha za mikeka yake, na mwanzoni kuna yaliyomo, majina yetu yote kwa mpangilio. Ndugu walioko Auckland huifungua wakitaka mkeka wa harusi au wa msiba. Wengi hawana muda wa kushuka chini. Hubofya jina la kwanza. La kwanza lilikuwa Fa'asao. Uiese alikuwa chini, akimzidi bibi Vaitoa peke yake, ambaye macho yamechoka na hasuki tena.

Ikaja habari kwamba Malaea, binti wa dada yake Uiese, anaolewa huko Auckland, na mkeka laini wa kuvaa siku hiyo, kwa desturi yetu, atauchagua kwenye tovuti yetu.

"Mtoto wa dada yangu avae kazi ya wifi?" Uiese aliniuliza.

"Si umpigie simu umwambie?"

"Niombe? Mimi?"

Akauviringisha mkeka aliokuwa akiusuka, akaenda kukaa mbele ya kompyuta ya kanisa kusoma maelekezo ya programu. Akagundua kuwa programu hupanga majina kwa herufi za Kiingereza, F mbele ya U. Sisi tumeimba herufi zetu tangu utotoni kwenye chati ya ukutani: A, E, I, O, U kwanza, ndipo F ifuate. Na chini ya kila ukurasa unaweza kuandika mstari ambao msomaji hauoni, wa kuiambia programu ukurasa huo ukae wapi. Uiese akaziandikia kurasa zote, moja moja, mchana baada ya mchana. Katika kamati yetu hakuna jina linaloanza kwa A, E, I wala O.

Jumatatu, katika nyumba ya kusukia, akatutangazia kuwa yaliyomo sasa yanafuata herufi zetu wenyewe. Tukapiga makofi.

"Na juu kabisa yuko nani?" aliuliza bibi Vaitoa.

"Ni herufi zilizopanga, bibi, si mimi."

"Herufi zina akili siku hizi!"

"Wifi," Fa'asao akasema, "ungetaka kukaa mbele ungeniambia tu, ningekusogezea mto!"

Nyumba nzima ikacheka. Uiese alicheka kwa midomo tu.

Malaea alipiga simu tukiwa pale pale, na Uiese akaongeza sauti ili wote tusikie.

"Mama mdogo, nimeufungua ukurasa wako. Ndio wa kwanza!"

"Eeh, mwanangu."

"Ule wenye manyoya mekundu ndio ninaoutaka. Ila mbona picha ni ya nusu mkeka?"

Uiese akautupia jicho mkeka wenyewe, ungali umeviringishwa ubavuni mwake. Tangu aanze kuhangaika na yaliyomo hakuwa ameongeza hata safu moja.

"Harusi imekaribia, mama. Fa'asao ana mikono ya haraka. Si umpe aumalizie?"

"Nitaumaliza mwenyewe."

"Utawahi?"

"Nimesema mwenyewe."

Akakata simu, akautandaza mkeka. Fa'asao akasogea. "Nipe upande huu, wifi, wewe shika ule."

"Kaa huko huko."

Fa'asao akakaa huko huko. Lakini akavuta fungu la mkadi, akaanza kuchana, akawa anazisukuma chane polepole mpaka karibu na goti la Uiese. Uiese akainua moja, akaitazama kwenye mwanga. Ilikuwa nyembamba kuliko zake.

Akanuna, akaiingiza kwenye mkeka.