Mashine Ambayo Wenyeji Hawakuigusa

Najua mtacheka. Chekeni tu, nimeshazoea. Lakini haya hayakumpata binamu wa jirani wa mtu fulani. Yalinipata mimi mwenyewe, mchana kweupe, nikiwa na akili zangu timamu na sijaonja hata tone la ulanzi. Wanaosema mizuka hutoka usiku tu hawajawahi kufanya kazi Rujewa saa saba ya mchana.

Kilichonikumbusha ni printa. Juzi niliipeleka kwa fundi printa ya kanisa letu hapa Iringa, moja ya zile za zamani za wino wa maji. Ilikuwa inawaka taa tu, kuchapa haitaki. Fundi akaniambia haijafa. Ndani yake mna sponji inayonyonya wino taka, na mna hesabu inayopanda kadiri wino huo unavyomwagika. Hesabu ikifika mwisho, printa inagoma. Akasema atabadilisha sponji, ataifuta hesabu, ianze upya sifuri. Nikamwuliza kama aliyekuwa akiitumia bado yu hai. Akanitazama vibaya, nadhani aliona uzee umenipanda kichwani.

Miaka ya sabini nilikuwa fundi wa mashine za ofisi, nikiishi Iyunga pale Mbeya. Nilitengeneza taipureta na mashine za kujumlishia, lakini hasa mashine za kudurufu. Nyinyi mliozaliwa na fotokopi hamzijui. Unafunga stensili, karatasi ya nta iliyotobolewa maandishi, kwenye pipa lenye wino, unaweka karatasi, unazungusha mpini, nakala zinatoka moja moja. Wino unaovuja unadondokea kwenye trei iliyo chini ya pipa. Pembeni kuna kihesabio, vigurudumu vyenye tarakimu, kila mzunguko kinapanda. Mwendeshaji akiondoka, fundi, au yeyote pale ofisini, anamwaga wino taka na kukirudisha kihesabio sifuri, ili anayekuja asibebeshwe uchakavu wa mwenzake.

Ni kazi ndogo, ila inataka mkono mtulivu, na mkono wangu wa kulia ulikuwa mtulivu, jamani. Ndio uliomlisha mama na kuwasomesha wadogo zangu tangu baba afariki. Shamba hatukuwa nalo. Tulikuwa na huo mkono.

Basi nikaitwa Rujewa, kwenye ofisi moja ya mambo ya kilimo cha mpunga. Jina lake sitalitaja. Nilishuka kwenye lori la mpunga asubuhi, sweta la Mbeya bado mwilini, na jua la kule halina adabu. Wale watu walinipokea vizuri kupita kiasi. Kamwene, kamwene, habari za Mbeya, baridi haijawamaliza? Kila mmoja alinipa mkono, na mnajua salamu za Wasangu, kama za Wahehe, hazina haraka. Mkono unashikwa mpaka habari za nyumbani ziishe. Nikasema moyoni, hapa nimefika kwa watu.

Karani mkuu, mtu mnene mwenye sauti laini, akanipeleka chumba cha nyuma. Mashine ilikuwa imefunikwa khanga. Mashine ya serikali inafunikwa khanga? Akasema ni kwa ajili ya vumbi. Nikamwuliza mwendeshaji wake yuko wapi, akasema hayupo. Ningejuaje mimi? Mtu wa ofisini huwa hayupo kwa mambo mengi. Nikamwomba aivute hiyo khanga, mimi nilikuwa nimeshika mfuko wa vifaa. Yeye alikuwa amesimama mlangoni, hakuvuka kizingiti.

"Funua tu wewe, ndugu fundi," akasema.

Nikafunua. Trei ilikuwa imejaa, wino umeganda juu kama uji uliopoa. Nikaukwangua nikautia kwenye magazeti ya zamani, nikafuta pipa, nikakikuta kihesabio kimepanda sana, nikakirudisha sifuri. Nilipoinua kichwa, dirishani naona ofisi nzima inakwenda kula. Karani mbele, wachapaji nyuma, mhudumu naye, wote kwa pamoja, na hakuna hata mmoja aliyesema fundi karibu chakula. Iliniuma. Nyanda zetu hizi mgeni haachwi na njaa hata kama ni mdai kodi.

Ng'ambo ya barabara mashine ya kukoboa mpunga ikazimwa, kukawa kimya. Ndipo nikasikia mtu nyuma yangu ananisalimia.

"Kamwene."

Chumba kile kilikuwa na mlango mmoja, na mlango ulikuwa mbele yangu. Nikageuka. Alikuwa mwanamume mwembamba, koti la kaki, mikono ya koti imekunjwa mpaka kwenye viwiko. Amenyoosha mkono. Ungefanyaje wewe? Adabu ni adabu. Nikampa wangu.

Ulikuwa wa baridi, niaminini, katika joto lile. Tena ulikuwa unateleza kwa wino. Nikangoja aniulize habari za nyumbani, hakuuliza. Macho yake yalikuwa kwenye kihesabio.

"Nani amekutuma uje unifute?"

Nikadhani ndiye mwendeshaji, kaudhika kwa kutoshirikishwa. Nikamweleza kwa upole kwamba hakuna aliyemfuta mtu, ni taratibu za kazi tu, mashine inaandaliwa kwa mwenzake ajaye. Huku naongea navuta mkono wangu kidogo kidogo. Haukutoka.

"Tanga halijaanuliwa," akasema. "Wewe umeshaanza sifuri."

Nisikilizeni hapo. Kwetu sote huku, Mnyakyusa, Msangu, Mhehe, Mbena, vitu vya marehemu haviguswi kabla tanga halijaanuliwa. Jembe lake linabaki pale alipoliegemeza. Ndugu wakishalia wakamaliza, ndipo vinagawiwa. Hata mtoto anajua. Hapo ndipo nilipoelewa ile khanga, na kwa nini karani hakuvuka kizingiti, na kwa nini ofisi yenye watu wazima wenye mikono iliagiza mtu kutoka Mbeya kuja kumwaga trei ya wino.

Akauweka mkono wangu kwenye mpini, akaufunika kwa wake, akaanza kuzungusha. Stensili hakuna, karatasi hakuna. Mashine tupu inazunguka, na kihesabio kinapanda upesi kuliko mpini wenyewe. Nilivuta kwa nguvu zote. Nilitaka kupiga yowe, kikatoka kikohozi. Bega likawaka moto, kisha kiwiko, kisha vidole sikuvisikia tena.

Naye akawa anasimulia taratibu, wala hahemi. Alianguka hapo hapo chini ya mashine, saa hiyo hiyo ya kula. Wenzake walipita wakamwona amelala sakafuni. Wakasema huyu ulanzi umemzidi, wakamruka, wakaenda kula. Wangemwinua angepona, ndivyo alivyosema, mimi si daktari. Waliporudi alikuwa ameshapoa. Na wa kwanza kumruka alikuwa karani mkuu.

"Nilikuwa namngoja yeye," akasema.

Nikamwomba aniachie. Nikamwambia mimi sikukuruka, baba, mimi ni mtu wa Iyunga, hata jina lako silijui. Nililia, sioni haya kusema.

"Najua," akasema. "Lakini mkono ni mkono."

Nje zikasikika sauti za watu wanaorudi, wanacheka. Akaniachia, na nilipopepesa macho hakuwepo. Trei niliyoikwangua ilikuwa imejaa wino mpaka ukingoni. Kihesabio kilikuwa kimerudi kwenye hesabu ileile niliyoikuta.

Karani mkuu akatokea mlangoni. Alitazama kwanza kihesabio, kisha mkono wangu uliokuwa mweusi mpaka kwenye kiwiko, akashusha pumzi kama mtu aliyetua mzigo. Nikamnyooshea ule mkono, si kwa salamu, kwa kuomba msaada. Akarudi nyuma akaificha mikono yake mgongoni.

Nikamwambia yote niliyoyaona. Nikamwuliza kwa nini hakunionya. Nilitegemea akane, anione mwendawazimu. Hakukana.

"Sisi tunaishi hapa, tuna watoto," akasema. "Wewe ni mtu wa kupita, ndugu fundi. Utaondoka nacho kisirani hiki."

Mnasikia maneno hayo? Aliyasema polepole, bila hasira, kama mtu anayekuelekeza lori linapopakia. Na wale wenzake walionishika mkono asubuhi walinipisha uani kila mmoja kwa mbali, mpaka nikafika barabarani.

Nikaondoka nacho kweli. Wino nilisugua kwa mafuta ya taa, hatimaye ukatoka. Mkono haukurudi. Kila jua likifika utosini unaanza kuzunguka wenyewe kwenye kifundo, na siwezi kuuzuia, nabaki kuukalia kama mtoto mtundu. Hospitali walisema ni mishipa. Mganga wa Idodi alinichanja mpaka akachoka. Bisibisi haijakaa tena katika vidole hivi. Wadogo zangu wakaacha shule, mama yangu akaenda kulima vibarua kwenye mashamba ya watu akiwa mzee, na alikufa akiwa bado analima. Hilo ndilo linaloniuma kuliko mkono wenyewe.

Huko Rujewa, nasikia, mambo yalitulia. Mashine ikapewa mwendeshaji mpya, ikachapa vizuri tu. Karani akastaafu akajenga nyumba ya bati. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Wenyeji wangu walipona kabisa. Mchungaji wangu hapa Iringa hachoki kunihimiza nisamehe. Nimemwambia nimeshamsamehe yule marehemu, kwa kuwa yeye alikuja waziwazi na akaniambia alichotaka. Walio hai bado.

Kwa hiyo wewe kijana mwenye ufundi wako, ukiitwa mbali ukafanye kazi ambayo hata wenyeji wangeiweza, usikimbilie kufungua mfuko. Waulize kwanza kwa nini hawajaifanya wao. Na wakikujibu kwa upole mno, usimalize hata salamu. Panda gari urudi kwenu, mkono ungali wako.