Kifuniko cha Baruti

Jumamosi iliyopita mwanangu alikuja kutoka Columbus na bunduki yake, akatandaza vyombo katika gereji yangu hapa Jeffersontown. Mkulima mmoja amemruhusu kuwinda wale wanyama wanene wanaochimba mashimo katika shamba la soya. Hawakaribiki, hupigwa kwa mbali, na risasi za dukani hazimridhishi. Basi hujaza maganda ya risasi mwenyewe. Alipofungua kopo la baruti, harufu haikuwa ile ile, msomaji wangu, lakini ilitosha kunirudisha Kivu.

Kwetu adui alikuwa nyani. Baba alijaza maganda ya shaba mezani, mama akichambua maharagwe upande wa pili. Mimi niliyasugua kwa majivu na ndimu, kisha nikayeyusha nta ya kuyaziba. Kipimo chetu cha baruti kilikuwa kifuniko cha chupa ya kwinini: kimoja, kilichosawazishwa kwa kidole. Nyani walikwisha kujua risasi zetu zinakomea wapi. Walikaa ng'ambo ya bonde, wakila mahindi yetu huku wakitutazama.

Baba akanituma kuuliza kipimo kwa jirani mwindaji, aliyesifika kwa kupiga mbali.

"Ambia papa yako vifuniko viwili," alisema, bila kuinua macho kutoka kwenye sahani yake.

Nilirudi mbio. Baba akauliza, "Umemuona akipima?"

"Ndiyo, papa."

Sikuwa nimeona kitu. Kifuniko chake, nilikuja kujua baadaye, kilikuwa cha kichupa cha marashi, kimezidi nusu ya chetu kidogo tu.

Baba alijaza vifuniko viwili vya kwinini, na bunduki ikapasukia shavuni mwake. Jicho la kulia likapotea. Majirani walisema mwindaji ameiroga bunduki. Walisema hivyo kisimani, walisema hivyo mlangoni mwa kanisa, mpaka akafunga mizigo na kuhama na watoto wake. Nilikuwa na neno la kumwokoa. Sikulisema.

Pale gerejini, simu ya mwanangu ikalia. Alisikiliza, akacheka, akanigeukia.

"Papa, huyu rafiki wa Buffalo anasema tuongeze kidogo tu, itafika mbali."

"Baruti gani? Bunduki gani?"

"Papa na wewe! Bon, anajua, anawindaka kila mwaka."

"Umemuona akipima?"

Aliishusha simu.

"Hapana, papa."

Akakata simu, akafungua kitabu cha vipimo, akairudisha mizani kwenye sifuri.

Meza ile haipo tena, wala shamba, wala baba; mwindaji sijui alizikwa wapi. Hapana, papa. Maneno mawili tu. Nilikuwa na miaka tisa, na nilikuwa nayajua.