Aliniamkia Kwanza

Aliniamkia kabla ya kunikaba. Hilo ndilo linaloniudhi mpaka leo, kuliko hata mkono wake shingoni kwangu. "Shikamoo, mama," alisema, na mimi nikasimama kama nilivyofundishwa tangu mtoto, nikaitikia "Marahaba," nikamngoja anikaribie kwa sababu alionekana ana swali.

Ilikuwa saa tisa mchana, jua la kuumiza macho. Mimi ni fundi cherehani, nashonea kwenye kibaraza cha duka karibu na soko la Babati mjini. Siku hiyo mkanda wa cherehani ulikatika, nikaamua kurudi nyumbani Nakwa mapema. Kutoka barabarani hadi kwangu kuna njia ya miguu inayokatiza mashambani, na msimu ule mahindi yalikuwa yamenipita kimo pande zote mbili. Njia hiyo nimeipita tangu niolewe. Watoto wetu wanaipita kwenda shule.

Kijana mwenyewe alikuwa nadhifu, shati limepigwa pasi. Akauliza, "Mama, nikitaka kutokea Bonga napita wapi?" Nikageuka kumwonyesha kwa mkono. Nilipogeuka tu, akanishika shingo kwa nyuma na mkono mwingine ukadaka mkoba.

"Lete mkoba. Ukipiga kelele nakumaliza."

Nikauachia. Sikung'ang'ana naye. Dada wa mume wangu alipitia mafunzo ya mgambo zamani, na tukiwa jikoni kwake tunachambua mboga alipenda kutueleza mambo hayo. "Akitaka kitu, mpe," wifi alikuwa anasema. "Simu, mkoba, hereni, mpe, vitu vinanunuliwa. Lakini akishapata kitu na bado hakuachii, ujue hakufuata kitu. Na akikuambia twende pale, usiende. Pale amepachagua yeye." Tulikuwa tunamcheka. Tulimwita komando.

Basi yule kijana alishapata mkoba, na aliutupa chini bila kuutazama, akaanza kunivuta kuingia kwenye mahindi.

Halafu nikauona ule mkoba pale vumbini, umefunguka, kitambaa cha mteja kimetoka nje, naye ameukanyaga. Sijui kwa nini ni hicho kilichonichoma. Hasira ilinipanda ikaifukuza hofu. Nikajibwaga chini kama gunia, maana wifi alisema aliyekaa chini ni mzito kuvuta kuliko aliyesimama, nikapiga kelele kwa pumzi zangu zote: "Nisaidieni! Jamani, nisaidieni!"

Ng'ambo ya mahindi kulikuwa na mtu analima. Nilisikia jembe lake. Lilikuwa linapiga udongo, likanyamaza nilipopiga kelele, kisha likaanza tena.

Hapo nikajua niko peke yangu. Aliinama kuniziba mdomo, nikamng'ata kidole gumba mpaka nikasikia ladha ya damu. Alipouvuta mkono, uso wake ulikuwa karibu na wangu, nikamchoma macho kwa vidole. Akajishika uso, nikampiga teke gotini, akayumba. Nilitamani kubaki nimpige zaidi, Mungu anisamehe, nilitamani sana. Lakini wifi alituonya hilo kuliko yote: hupigani ili umshinde, unapigana ili upate nafasi ya kukimbia. Nikakimbia. Sikukimbilia nyumbani, kwa sababu nyumbani saa zile hapakuwa na mtu. Nilikimbilia kule kwenye jembe, na nikiwa njiani nikabadilisha maneno.

"Mwizi! Mwizi! Mwizi!"

Loo, walivyotoka! Wanaume wenye fimbo, wenye mapanga, wenye mawe mikononi, kutoka mashamba ambayo muda mfupi uliopita yalikuwa kimya kama kaburi. Walimsaka kijana yule hadi jua likashuka. Hawakumpata, na hajapatikana mpaka leo.

Mwenye jembe alikuwa jirani yangu, mama mtu mzima tunayeimba naye kwaya. Alinivika khanga yake. Nilimuuliza palepale, mbele ya watu.

"Ulinisikia?"

"Nilikusikia, mdogo wangu."

"Mbona hukuja?"

Akatazama chini. "Nilidhani ni mtu na mume wake."

Nilitaka kumrudishia khanga yake. Nilitaka kuitupa. Badala yake nililia, na watu wakasema nalia kwa hofu.

Nilitoa taarifa polisi, askari wa kike akanisikiliza vizuri na kuandika kila kitu. Masikio mengine ndiyo yalinishinda. Shemeji yangu alikuja kunipa pole, akakaa, akanywa chai yangu, kisha akauliza nilipitaje mahindini peke yangu. Mwingine akauliza nilivaa nini. Mteja mmoja aliniambia nishukuru tu, maana hakuna kilichotokea. Hakuna kilichotokea! Nilikuwa siwezi kumeza chakula kwa jinsi koo lilivyovimba.

Mwenyekiti wa mtaa akaitisha mkutano. Wanaume wakasimama mmoja baada ya mwingine kutushauri: wanawake watembee kwa makundi, wanawake wawahi kurudi nyumbani.

"Ilikuwa saa tisa mchana," nikasema nikiwa nimekaa.

Mzee mmoja ninayemheshimu akanigeukia. "Mama, tulia. Tunawaambia haya kwa upendo."

Nikasimama. "Shikamoo, mzee. Lakini sitatulia. Mmetuambia tusipite, tusichelewe, tusivae. Nani amewaambia wenye mashamba wasilime mpaka kwenye njia? Nani amewaambia ninyi mtoke mkisikia mwanamke analia? Akiibwa kuku mnatoka na mapanga. Mimi nilikuwa naibwa nikiwa hai, mkaendelea kupalilia."

Mume wangu alinivuta gauni nikae. Sikukaa. Mwishoni mwenyekiti alisema wenye mashamba waache nafasi pande zote za njia, wote wakaitika. Aliyetekeleza msimu uliofuata ni mmoja tu.

Basi tukaanza wenyewe, Jumamosi mchana, uani kwa wifi. Hatukumcheka tena. Alitufundisha kumpiga mtu puani kwa kitako cha kiganja, kukanyaga unyayo, kumfinya mtu mahali panapouma akikushika kwa nyuma. Hayo tuliyashika upesi, sisi ni watu wa jembe na ndoo, nguvu tunazo. Lililotushinda ni adabu. Wifi alijifanya mgeni, akaja mbele yetu na "Shikamoo, mama," na kila mmoja wetu alisimama, akainamisha kichwa, akatabasamu.

"Mmekufa wote," wifi alisema. "Itikia ukiwa unatembea. Akitaka kuuliza, aulize akiwa mbali. Mtu mwema hatachukia, na akichukia, achukie."

Jirani yangu wa kwaya naye alikuja. Sikumwalika. Huyu ambaye kanisani sauti yake inapita kinanda, alipoambiwa apige kelele alitoa mlio mdogo kama wa kifaranga, akaziba mdomo kwa aibu. Alisema nyumbani kwao msichana aliyepaza sauti alichapwa. Nilikuwa bado nina kinyongo naye, lakini siku ile nilimsogelea, tukapiga kelele pamoja mpaka mbwa wa mtaa mzima wakabweka.

Jumapili moja baada ya ibada, kilio kilisikika nyumba ya pili kutoka kwangu. Nilitoka mbio na mwiko mkononi. Jirani yangu alikuwa ameshafika, amesimama mlangoni, na nyuma yake wanawake wengine wanaingia getini. Ndani, mwanaume alikuwa amemshika mkewe nywele.

"Tokeni," alifoka. "Haya ni mambo yangu na mke wangu."

"Tunajua," jirani yangu alisema, kwa sauti yake yote ya kwaya. "Mwachie."

Aliangalia mlangoni, akatuona tulivyo wengi, akamwachia. Mama yule alitoka na mtoto mgongoni, akakaa kwa wifi mpaka kaka zake walipokuja kumchukua kwenda kwao Mutuka. Mwanaume alikwenda kutulalamikia kwa mwenyekiti, kwamba tumevamia nyumba ya mtu. Mwenyekiti alituita. Tulikwenda wote, tukajaa mbele yake, naye akatuambia turudi nyumbani.

Mwezi uliopita nilikutana na mama yule sokoni, anauza maharage. Nilimuuliza hali.

"Nalala siku hizi," alisema, akanipimia maharage, akaongeza kiganja kizima juu.

Nilirudi kwenye cherehani nikiwa na hasira upya, kwamba mtu anaweza kuishi miaka yote hiyo, katikati yetu sote, bila kulala.