Mzee wa Mashine Niliyemuua kwa Mdomo

Mimi ni mtu wa ndani. Wapo wanaosema hivyo kwa maringo, kana kwamba nje kuna hasara. Mimi nasema kama mtu anavyokiri kigugumizi. Miaka kumi na sita nimekaa nyumba moja hapa Bariadi, na safari yangu ndefu ya kila siku ni kutoka kwenye mashine ya kufuma mpaka jikoni, kuangalia kama maharage yameshika chini. Nafuma masweta ya shule. Nyuzi zinakuja kwa bodaboda, masweta yanaondoka kwa bodaboda, na habari za mtaa zinanifikia kwa njia mbili: masikio yangu na jirani yangu.

Jirani huyo ni mama wa Kigoma, anauza dagaa na mawese sokoni. Hakuna msiba unaompita. Atafika na ndoo ya maji kichwani wakati wenye msiba wenyewe bado wanatafuta mikeka. Mchango wangu wa unga huwa nampa yeye apeleke.

"Waambie nawapa pole," namwambia.

"Nitawaambia pole ya nani?" anajibu. "Wanadhani jirani yangu nimemtunga."

Tulikuwa tukicheka. Nikaacha kucheka siku mkuu wa sekondari moja ya huko Itilima aliponipigia simu akitaka niwafumie masweta kidato cha kwanza chote. Kazi kubwa namna ile sikuwahi kuiota. "Ila mama," akasema, "tunaandikishana mkataba, kwa hiyo lete TIN, ile namba ya mlipakodi, kabla mwezi haujaisha. Ukichelewa, nitampa mwenye duka huku."

TIN inataka namba ya kitambulisho cha taifa, na kitambulisho sikuwa nacho. Kila mara uandikishaji ulipopita mtaani nilisikia kipaza sauti, nikasema nitakwenda kesho, nikaongeza sauti ya redio. Hata laini yangu ya simu alinisajilia kaka yangu. Kwa kampuni ya simu, mimi ni mwanamume mnene wa Binza, Maswa.

Bodaboda akaniletea fomu ya kitambulisho, nikaijaza kwa mwandiko mzuri. Nina kidato cha nne, na mwandiko ndicho kitu pekee nilichotoka nacho bila ubishi. Ikabaki sehemu moja tu: sahihi na mhuri wa mwenyekiti wa mtaa. Nikajua hapo ndipo pa kumalizia. Nikavaa viatu, ambavyo navyo vilishangaa.

Mwenyekiti wetu si mtu mbaya. Ni mkulima wa pamba, mpole, anayetembea na mhuri kwenye mfuko wa nailoni kama mtu anayebeba yai. Lakini tangu achaguliwe alikuwa ameanzisha utaratibu wake: kila anayetaka mhuri anapewa mtihani wa mdomo. Mimi sikuwa na habari. Wenzangu walikwishapita.

"Mwangaluka, mayu," akanisalimia; mayu ni mama.

"Mwangaluka, baba."

"Mhola?"

"Mhola duhu."

Akatikisa kichwa kwa kuridhika. Salamu ya Kisukuma, maksi zote. "Wazazi wa wapi?"

"Nkoma. Babu alikuwa Mwamapalala, na ng'ombe wake."

"Vizuri kabisa. Sasa la mwisho. Hapa mtaani kwetu, aliyezikwa mwisho ni nani?"

Jibu nilikuwa nalo, au nilidhani ninalo. Mashine ya kusaga iliyo nyuma ya nyumba yangu ilikuwa kimya siku nne. Juu ya uzio nilikuwa nimeona turubai likibebwa kwenda upande ule, na viti vya plastiki vimepangwa juu ya mkokoteni. Jirani yangu alikuwa amesafiri kwao kufuata mzigo wa dagaa, kwa hiyo hapakuwa na wa kunisahihisha. Nikajumlisha mwenyewe: mashine kimya, turubai, viti. Nikamlilia mzee wa watu, huku naendelea kufuma.

"Ni mzee wa mashine ya kusaga," nikasema. Kisha kwa adabu nikaongeza, "Mungu amlaze mahali pema."

Mwenyekiti akaweka kalamu mezani.

"Mzee wa mashine?"

"Ndiyo, baba."

"Huyo asubuhi hii nimekunywa naye chai."

Kumbe mkanda wa mashine ulikuwa umekatika. Turubai lilikuwa la kipaimara cha mjukuu wake, na mimi nilikuwa nimelilia sherehe.

Mwenyekiti hakucheka. Ningependa angecheka. "Mayu, mtu asiyejua nani mzima na nani marehemu, nitamwandikiaje kwamba ni mkazi wangu? Na kama si mkazi, nitajuaje kama ni raia? Uraia katika mtaa huu unaanzia kwenye mhuri huu. Nenda Nkoma wakakusainie."

"Nkoma nimeondoka zamani, watasema hawanijui."

"Unaona?" akasema, akaufunga mfuko wa nailoni.

Nikarudi nyumbani mtu asiye na nchi. Nikapika ugali, nikaula wote. Huzuni yangu mimi huwa haigusi tumbo.

Jirani alirudi siku ya pili, nikamweleza. Alicheka mpaka akajifuta machozi kwa upindo wa kanga, akaniomba nirudie pale pa "mahali pema", nikarudia, akacheka tena. Kisha akatulia.

"Mimi huo mtihani nilipata vyote," akasema. "Hata jina la marehemu, na mtoto wake wa mwisho anasoma wapi. Unajua kwa nini? Mtu wa Kigoma, kule mpakani, anaulizwa uraia tangu hajaota meno. Kila ofisi wakisikia natoka wapi, wanamtaka babu yake babu. Majibu nimeyakariri kama sala. Leo nimesikia wamekukwamisha wewe, Msukuma wa Nkoma, jirani yangu, nimefurahi."

"Umefurahi?"

"Sana. Nilitaka uonje." Akanimiminia chai, ya kwangu mwenyewe, jikoni kwangu mwenyewe. "Lakini si haki. Kwako si haki na kwangu haikuwa haki. Yule tumemchagua sisi. Akaulizwe."

"Wapi?"

"Mkutanoni."

"Mkutano upi?"

"Hilo ndilo swali la kwanza," akasema. "Tangu aapishwe hajaitisha hata mmoja."

Akaenda kwa mtendaji wa mtaa, yule mwajiriwa anayekaa ofisini na makaratasi. Akaenda na wanawake wa sokoni, na nadhani harufu ya dagaa nayo ilisaidia, maana tangazo lilibandikwa siku hiyo hiyo. Mkutano Jumamosi saa tisa, shule ya msingi. Mwezi ulikuwa umebakiza siku kumi.

Jumamosi nikatoka nyumbani kwa mara ya pili ndani ya wiki moja. Tulikaa darasa la pili, kwenye madawati ya watoto, magoti yakigusa kidevu. Ukitaka kumwajibisha kiongozi ukiwa umekaa hivyo, inabidi uwe na hoja nzito. Mbele kabisa alikaa mzee wa mashine, mzima, na unga kwenye nyusi. Nikajificha nyuma ya mgongo wa mtu mpana.

Mwenyekiti akafungua, akasema ya maji, akasema ya usafi. Ilipofika mengineyo, jirani yangu akasimama.

"Mwenyekiti, naomba kujua. Huu mtihani wa kupata mhuri, nani kaupitisha?"

Mwenyekiti akajifuta uso. Hakukwepa, lazima niseme. "Ndugu zangu, mwanzoni nilikuwa nasaini tu. Nikamsainia mtu mmoja nisiyemfahamu. Ikaonekana hata hakai hapa. Nikaitwa, nikasimamishwa mbele ya watu wazima kama mwanafunzi aliyeiba chaki. Nani kati yenu alikuja kunitetea? Basi nikatafuta njia ya kuwajua watu. Mtu wa hapa anajulikana msibani."

Darasa likanong'ona kwa huruma. Hata mimi nilimwonea huruma, ingawa ndiye aliyeninyima nchi.

Ndipo mzee wa mashine akanyoosha mkono. "Mwenyekiti, mimi marehemu naomba kuchangia."

Madawati yalitikisika kwa kicheko. Yeye alibaki na uso mkavu.

"Kwanza, aliyeniua yupo?"

Mgongo mpana ukahama pembeni. Ukimtegemea mtu, mtegemee mwembamba mwenye moyo. Nikainua mkono.

"Ni wewe?"

"Ni mimi, baba. Unisamehe."

"Ulinililia?"

"Kidogo."

"Kidogo!" Akawageukia watu. "Mmemsikia? Na mahindi yake namsagia miaka yote, kumbe ndiyo haya yanayoletwa na bodaboda. Unafanya kazi gani huko ndani?"

"Nafuma masweta ya shule."

Mama mmoja aliyekaa dirishani akauliza polepole, "Siyo yale yenye mkono mmoja mrefu?"

Sasa hapa inabidi nieleze. Mikono ya sweta nafuma kwa kuhesabu mistari, na huwa nahesabu redio ikiwa wazi. Mkono wa kulia nafuma wakati wa muziki, hesabu inakwenda sawa. Mkono wa kushoto unaangukia kwenye taarifa ya habari, na nchi hii ina habari nyingi. Nilidhani hakuna aliyegundua.

"Ndiyo yenyewe," nikasema.

Darasa likalipuka. Kumbe mtaa mzima watoto wanakunja mkono wa kushoto! Mmoja akasema mwanawe alidhani ndiyo sare ilivyo. Mwingine akasema wa kwake alipopewa sweta la duka alilikataa, akadai lina kasoro. Yule mama wa dirishani akasimama: "Mwenyekiti, mtu aliyemkunjisha mwanangu mkono miaka mitano, unasemaje ni mgeni? Huyu ni wetu kabisa. Mgeni hawezi kutuudhi hivi."

Mzee wa mashine akainua kiganja, watu wakatulia.

"Mkazi tumempata. Sasa wewe, mwenyekiti. Nyumba ya tano kutoka bombani, yenye uzio wa minyaa, nani anakaa?"

Mwenyekiti akatazama dari.

"Unapita hapo kila siku ukienda shambani."

"Sijui, mzee."

"Ni ya huyu, bodaboda wa mahindi yake ndiye aliyenionyesha. Kwa hiyo mtihani wako na wewe umefeli. Tukuandikie uende Nkoma?"

Jirani yangu akamalizia, safari hii kwa sauti ya chini. "Wewe kazi yako ni kusema nani anakaa hapa. Raia ni nani, hilo lina sheria, lina vyeti, lina maafisa wake. Halipimwi kwa misiba wala kwa salamu. Mimi salamu zenu nimejifunza kwa sababu nawapenda. Sikujifunza ili nipewe nchi."

Mtendaji akafungua makabrasha, akathibitisha: ni hivyo hivyo, mtaa unathibitisha ukazi. Wakakubaliana majirani wawili wamdhamini mwombaji, wadhamini nao wasiulizwe wanatoka wapi, na mtihani ufutwe.

Mwenyekiti akasimama. "Nimekosea," akasema. Nimesikiliza redio miaka mingi na neno hilo kutoka kwa mchaguliwa lilikuwa geni masikioni mwangu. "Lakini naomba nami niulize moja. Mayu, siku ya uchaguzi ulipiga kura?"

Ningeweza kusema uongo. Mwandiko wangu ni mzuri, lakini uso wangu haujui kuandika.

"Hapana."

"Kituo kilikuwa chumba hiki hiki."

"Nilikuwa namalizia shingo za masweta."

"Sasa unaniwajibishaje, na hukunichagua?"

Darasa zima likanigeukia. Nikalitazama dawati. Kuna mtoto alikuwa amechora ng'ombe pale, mzuri tu. Mzee wa mashine ndiye aliyenitoa. "Mwenyekiti, wewe ni wa waliopiga na wa waliolala. Msainie. Lakini usingizi wake tutaushughulikia sisi."

Akasaini juu ya dawati la darasa la pili, akafungua mfuko wa nailoni, akagonga mhuri mpaka wino ukaruka. Mdhamini wa kwanza, jirani. Wa pili, marehemu mwenyewe, aliyeandika jina lake kwa mkono wenye unga.

Afisa wa vitambulisho aliniuliza wazazi, babu na bibi, akatazama vyeti, akaisoma fomu mara mbili, akasema asante. Maharage yangekuwa hayajaanza hata kuchemka. Mtihani wa nchi ulikuwa mwepesi kuliko wa mtaa. Namba ilitumwa kwa ujumbe wa simu, na kwa kuwa nilikuwa nimekosea nikaandika namba ya kaka, ikaenda Binza. Akanipigia: "Dada, nimepewa uraia mara ya pili, wa kwako unautaka?" TIN nikaipata zikiwa zimebaki siku mbili mwezi uishe. Mkataba nikausaini, na masweta ya Itilima nikayafuma redio ikiwa imezimwa.

Adhabu yangu aliitangaza mzee pale pale, kabla mkutano haujafungwa, na watu wakaipigia makofi: kila Jumamosi nipeleke mahindi yangu mashineni kwa miguu yangu, nimwone kwa macho kama yu hai. Naenda. Mikutano nayo naenda. Mwenyekiti anaiitisha siku hizi, na nimekwishamwuliza habari za bomba mara mbili, nikiwa nimekaa dawati la mbele. Kura ijayo nitapiga, shingo za masweta zitasubiri.

Jumamosi iliyopita nilichelewa kidogo. Mzee alikuwa amesimama mlangoni, ameegemea debe.

"Mwadila, baba," nikamsalimia. "Mzima?"

"Angalia mwenyewe," akasema. "Usije ukaenda kutangaza."