Tuta la Upande wa Kulia

Waiyego alipiga yowe akiwa bado langoni, na bakuli la sukari likamponyoka.

"Uuui! Mama Joy! Lini? Mbona hamkutuambia?"

Akumu alikuwa amepiga magoti kando ya mlango, akisawazisha udongo kwa viganja. Aligeuka. Jirani yake, mwenye duka la kona hapo mtaani Langas, Eldoret, alikuwa amejishika kichwa kwa mikono miwili, machozi yanamtiririka.

"Lini nini, Mama Tabby?"

"Baba Joy! Mmemzika bila hata kuja kuomba viti kwangu?"

Ndipo Akumu alipokitazama tena kile alichokuwa akikitengeneza wiki nzima.

Alikuwa akikiona kipande kipande: leo bati, kesho udongo. Hakuwahi kurudi nyuma hadi langoni akakiona chote. Sasa alikiona. Sanduku la mabati lenye urefu wa mtu. Udongo mbichi umejaa hadi juu, ukainuka katikati. Na upande wa kichwani, vyuma viwili vimepishana vikasimama wima kama msalaba.

"Yesu wangu," akanong'ona. "Ni tuta. Tuta la mboga, Mama Tabby. Javan yu hai. Joy amekwenda kumchukua hospitali sasa hivi!"

Waiyego alikaa chini papo hapo, juu ya sukari.

Akumu alikuwa mpishi wa shule ya bweni, mwanamke aliyezoea kusonga ugali kwa mwiko mrefu kama mpini wa jembe. Mumewe, Javan, alikuwa ameendesha lori la mahindi tangu ujana wake, akipakia Moiben, akipita Turbo, akishuka Webuye, na kila aliporudi nyumbani alivua viatu akaenda nyuma ya nyumba kuinamia mboga zake, osuga na kunde. Kisha kiharusi kikampiga upande wa kushoto. Tangu hapo maneno yake yakawa ya kuhesabika: maji, hapana, usingizi. Na lile moja lililomkata Akumu maini: "Ugenya." Alitaka apelekwe kwao Ugenya, akangoje kifo huko. Mhudumu wa mazoezi hospitalini alimbembeleza asimame ashike chuma cha kitanda kwa mkono huo wa kushoto, naye akageukia ukuta.

"Mama, mtafutie kitu cha kufanya," mhudumu alimwambia Akumu kando. "Mkono usiopewa kazi husahau kazi. Na moyo ni hivyo hivyo."

Akumu akawaza: kama Javan hawezi tena kuinamia udongo, basi udongo umwinukie Javan. Akamwendea Edwin, fundi wa kuchomelea, akamweleza anataka sanduku la mabati lisilo na kitako, la kimo cha mikono ya mtu aliyekaa kwenye stuli.

"Na urefu gani, mama?"

"Urefu wa mtu tu."

Edwin alilitengeneza vizuri. Ukingo aliufunika kwa mpira wa maji uliopasuliwa, bati lisimkate mgonjwa, na vile vyuma viwili akavichomelea kama zawadi, maharagwe yapate pa kutambaa. Akumu alijaza magunzi ya mahindi chini, majani makavu, samadi, kisha udongo. Alikuwa ameliweka kulia mwa mlango, kwa kuwa jua hufika hapo kwanza na mfereji uko karibu.

Kulia mwa mlango! Alijipiga paji la uso. Kwao mwanamume huzikwa kulia mwa nyumba yake, mke kushoto. Alilijua hilo tangu hajaota meno. Tena huzikwa nyumbani, si mjini. Mjini ni pa kutafuta, nyumbani ndipo pa kurudi. Na Javan, anayelilia Ugenya, angeshuka garini akute kaburi lake Eldoret, limeshajazwa, linamngoja.

"Tulisukume!" alisema.

Walisukuma wanawake wawili wenye nguvu zao. Tuta halikutikisika hata kidogo.

"Ng'oa huo msalaba basi!"

"Umechomelewa!" Akumu alijibu.

"Huyu Edwin naye!" Waiyego alihema. "Panda kitu. Kaburi halipandwi sukuma wiki."

Wakapanda haraka haraka miche ambayo Akumu alikuwa amemnunulia Javan, mmoja huku, mmoja kule, yote ikalala kama walevi. Akumu akavua aprini yake akavivika vile vyuma. Waiyego akarudi nyuma, akatazama, akaguna.

"Sasa ndiyo mbaya zaidi. Anaonekana amefufuka."

Gari likapiga honi.

Joy, binti yao, alishuka kwanza, akaona, akabaki ameshika mlango wa gari, mdomo wazi. Javan, kiti cha mbele, alitazama kupitia kioo. Akatazama kwa muda mrefu.

"Nyar Gem," Javan akasema. Ndivyo alivyomwita tangu amwoe, binti wa Gem. Sauti ilikuwa nzito, lakini ilikuwa yake. "Nani amelala hapo?"

"Hakuna mtu, Baba Joy. Nakuapia..."

"Kulia kwa mlango wangu. Hapa Eldoret!" Alisukuma mlango wa gari kwa bega. "Hata nauli ya maiti kwenda Ugenya mmeninyima?"

Maneno hayo yote, mfululizo! Joy alimkimbilia amshike, akasukumwa kando kwa kiwiko. Javan alishuka. Mguu mmoja ukakanyaga, mwingine ukaburuzwa, fimbo aliyopewa hospitali ikachoma ardhi, hadi alipolifikia tuta. Akainua fimbo akalipiga bati. Ngwee! Kuku wa Waiyego wakaruka ua.

Kisha akaitupa fimbo, akazamisha mkono wa kulia kwenye udongo hadi kwenye kiwiko, kama anayemtafuta aliyemo. Uso ukabadilika. Akavuta. Mkono ukatoka na gunzi.

Alilitazama. Mahindi ya maisha yake yote yalikuwa yamepita kwenye magunzi kama hayo.

"Nani huzikwa na magunzi?" akauliza.

"Ni mboga," Akumu alisema, sasa analia. "Nilitaka usiiname. Ukae kwenye stuli, upande osuga yako. Nimekosea upande, Javan. Tutalihamishia kushoto."

"Kushoto ni kwako."

Hilo pia Akumu hakuwa ameliwaza.

Javan aliinamisha kichwa juu ya ile miche. "Na hii nani amepanda? Mpofu?"

"Mimi na Mama Tabby."

"Mmefunika vichwa mkaacha mizizi nje." Aliuchomoa mche mmoja, akatoboa udongo kwa kidole, akausimamisha, akaukandamiza. Akashika wa pili. "Kesho mwite fundi wako. Atengeneze lingine, liwekwe kushoto."

"Lingine la nani?"

"La kwako, nyar Gem. Ulidhani nitalala hapa peke yangu?"

Waiyego aliziba mdomo kwa kanga, mabega yakimtetemeka. Joy hakujua acheke au amkemee baba yake. Akumu aligeuka ajibu, akaiona fimbo. Ilikuwa chini, mbali, pale ilipotupwa. Javan alikuwa amesimama. Mkono wa kulia ulikuwa ukichimba, na ule wa kushoto, ule uliokataa chuma cha kitanda cha hospitali, ulikuwa umeukunjia vidole ukingo wa mpira wa maji, umeshika.

Akumu aliogopa kumkumbusha fimbo. Akamsogezea mche mwingine.