Landirova ya Mshamu na Pikapu Isiyosikika

Miaka ile ya ruksa, magari ya mtumba yalipoanza kumiminika kutoka Dubai, hakuna aliyepita njia ya mchanga itokayo Kibiti kuelekea delta akasema hamjui Mshamu. Hata kama jina limempotea, gari halijampotea. Ilikuwa Landirova ndefu, rangi yake ya kijani imeliwa na jua mpaka bati likachungulia, na kile kidude cha kuhesabia maili kilikuwa kimeshazunguka chote kikarudi mwanzo, kikaanza upya kama mtu aliyetoka kuhiji. Wanawake wa mashambani walikuwa wakiiita Bi Mkubwa.

Asubuhi Mshamu aliipiga hendeli, ikakohoa, ikatema moshi, ikakubali. Tangi likivuja alilipaka sabuni ya kufulia. Mpira wa rejeta ukipasuka aliufunga kwa utepe wa tyubu ya baiskeli. Ufundi hakufundishwa na mtu. Gari lenyewe lilimfundisha, kwa kuharibika kidogo kidogo na kumpa nafasi ya kuangalia.

Jumapili moja mpwa wake Haidari, aliyekuwa akipeleka nazi Dar es Salaam, alifika na pikapu ya Kijapani, nyeupe, vioo vyake vinapanda kwa kubonyeza.

"Mjomba, pumzika sasa," alisema. "Nimeshaongea na tajiri mmoja wa mjini. Yeye anunue hilo bati lako, fedha nichukue mimi, wewe ubaki na hii yangu. Ijumaa baada ya swala watakuja kulichukua. Mpaka hapo wewe itembeze, uionje."

Zuena, mkewe Mshamu, alikuwa ameshaingia ndani ya pikapu, amekaa, amejiegemeza. Mgongo wake ulikuwa mbovu tangu uzazi wa mwisho, na Landirova ilikuwa ikimrusha kama mchele kwenye ungo.

"Hapa ndipo mgongo wangu umefika kwao," alisema.

"Kwa hiyo Bi Mdogo kashaingia nyumbani," alisema Mshamu.

"Mke mwenza wa namna hii, baba, mimi simkatai."

Mshamu alicheka, lakini kicheko hakikwenda mbali. Siku tano zilikuwa zimebaki, na kichwani alikuwa bado hajasema ndiyo wala hapana.

Kesho yake alitoka na pikapu, Haidari pembeni yake. Ikapanda kilima cha mchanga bila kulalamika, ikashuka bondeni kwenye mashamba ya mpunga kama paka anayepita jikoni. Mshamu alisimama pale anapowapakia wanawake kila siku. Hapana mtu. Akangoja, akasogea kituo cha pili. Hapana mtu. Wakaingia Kibiti na abiria wawili waliokutana nao njiani kwa bahati.

Aliporudi mchana aliwakuta wanawake wamekaa pembezoni mwa shamba, viroba vimefungwa, ndizi za Bi Sihaba zimeanza kulegea kwa jua. Bi Sihaba ndiye aliyekuwa mkubwa wao, na mdomo wake ulikuwa unajulikana mpaka Maparoni.

"Mshamu, leo umelala?" aliuliza. "Tunamngoja Bi Mkubwa tangu asubuhi."

"Nimepita, dada. Nimesimama hapa hapa."

"Umepita na nini, na ungo?"

Hapo ndipo Mshamu alipoelewa. Wanawake wale hawakuwa na desturi ya kukaa barabarani kungoja gari; nani ana muda huo, na ndege wanakula mpunga? Walikuwa wakilima na kuwinga ndege mpaka Landirova igune kwenye kilima. Ikianza kuguna, wanafunga mizigo, wanajitwika, wanakata matuta. Nayo ikifika barabarani, na wao wanafika. Mlio ule ndio uliokuwa saa yao. Pikapu haikuwa na mlio.

"Jambo dogo hilo, mjomba," alisema Haidari. "Honi ipo ya kazi gani?"

Basi Jumanne, kuanzia juu ya kilima, Haidari aliilalia honi. Ililia mfululizo mpaka bondeni. Na kweli watu walitoka. Walitoka mbio, majembe wameyatupa, vigelegele vinapasua, mmoja ameshakata tawi la majani analipunga juu, maana pande zile gari linalolia honi bila kupumua huwa limebeba bibi harusi.

Bi Sihaba alichungulia kioo cha kwanza, akachungulia cha pili.

"Bibi harusi yuko wapi?"

"Hakuna harusi, dada. Nawaita mpande."

"Au bwana harusi ndiye wewe? Kwa mvi hizo? Zuena anayo habari?"

Wenzake wakashikana mabega kwa kucheka. Mshamu naye akacheka, akauliza mizigo iko wapi.

"Nani anakwenda harusini na kiroba cha mpunga?" alisema Bi Sihaba.

Wakati wa kurudi Haidari alisema watazoea. Mshamu alijua ni kweli, watu huzoea. Alikuwa akijiuliza kama yeye mwenyewe atazoea kupita mahali asisikiwe.

Ijumaa, watu wametoka msikitini, tajiri alifika na fundi. Hakuwa mtu mbaya. Alisalimia vizuri, akanywa maji, akafungua boneti, akaanza kumwelekeza fundi wake huku akigusa gusa. Giaboksi ina mtu wake tayari. Springi zitakwenda Mbagala. Milango itafutiwe mteja, mabati ya ubavuni yapelekwe kwa wafua masufuria. Alikuwa akionyesha kwa kidole, kama mtu anayegawa nyama ya Idi.

"Na gari?" Mshamu aliuliza.

"Gari lipi, mzee?"

Mshamu alishusha boneti, taratibu, asije akambana mtu vidole.

"Mniwie radhi kwa safari yenu," alisema. "Siuzi."

Haidari alimvuta pembeni. "Mjomba, mimi nimetoa neno langu."

"Mwambie tajiri kuwa mjomba wako kalivunja. Pikapu ibaki kwako, uifanyie kazi barabara kubwa. Itakufaa, ni gari zuri. Sijasema baya."

Haidari aliondoka na pikapu bila kuaga. Jikoni Zuena alikuwa anachochea moto usiohitaji kuchochewa.

"Na mgongo wangu je?" aliuliza bila kugeuka.

Mshamu alitoka akaenda kukibonyeza kiti cha mbele cha Landirova. Jumamosi alikifungua, akakitoa matumbo, akakijaza sufi mpya, akakishona kwa uzi wa nyavu. Alimwita Zuena aje akijaribu. Alikuja baada ya kuitwa tena, akapanda, wakazunguka mpaka kwenye mnazi wa mwisho na kurudi.

"Bado inarusha," alisema Zuena.

"Inarusha," Mshamu alikubali.

"Ongeza sufi huku kushoto."

Mshamu akashuka kwenda kuleta sufi. Zuena alibaki amekaa pale pale kwenye kiti, akimngoja.