Kilima Kwenye Maji Matupu

Wiki iliyopita, katika maabara yetu ya chuo kikuu, Kasapa, nilijiona mgunduzi mkubwa. Tulikuwa tunapima damu tujue kama dawa ya kuua vijidudu, ile inayotiwa kwenye sabuni, hubaki mwilini. Mashine hugeuza sampuli kuwa mvuke, na dawa ikiwemo, huchora kilima kwenye skrini.

Damu ya kwanza ikachora kilima kirefu. Ya pili vilevile. Hata ya mzee mmoja wa Katuba aliyeapa kwamba huoga kwa sabuni ya mawese tu! Kichwani nilishaanza kujibu maswali ya redio. Nikamkimbilia mama profesa wetu.

“Prof, bantu bote biko na dawa mu damu!”

Mama yule akatia maji matupu katika chupa moja kama zile za damu, akaipa mashine. Kilima kikapanda kuliko vyote.

“Maji haina damu,” akasema. “Hizi chupa alisafisha nani?”

“Ni miye, Prof. Zilikuwa safi, lakini nikazirudilia kuosha, sawa vile tunaosha kikombe ya mugeni.”

“Na sabuni gani?”

Nikanyoosha kidole kwenye sabuni niliyoitoa nyumbani. Akaigeuza, akanisomea polepole: “Antibactérien. Inaua vijidudu.”